Filamu Isiyo na Adui

Kwenye banda la video la Maramba kuna maswali mawili ambayo lazima yajibiwe kabla filamu haijafika mbali: steringi ni nani, na adui ni nani. Steringi ndiye tunayemfuata. Hafi, au akifa anakufa mwishoni, kazi imeshaisha. Adui ndiye atakayepigwa. Mtu akichelewa kuingia haulizi filamu inahusu nini. Anakaa, anamgusa jirani bega, anauliza, "Adui yupi?" Akishaoneshwa, ametulia.

Mimi ndiye sauti ya filamu hizo. Zinakuja na maandishi ya Kiingereza chini ya picha, nami narekodi Kiswahili juu yake, sauti ya kila mtu, wanaume, wanawake, na mbwa ikibidi. Kiingereza hicho sikufundishwa. Nilikiokota kwenye maandishi hayo hayo, nikisimamisha, nikirudisha, nikijisemesha peke yangu mpaka mama anauliza nagombana na nani. Narekodi chumbani, dirisha nimeliziba kwa godoro, blanketi kichwani, jasho linanitoka kama mtu anayejifukiza. Jogoo akiwika, naanza upya. Neno likitoka vibaya, naanza upya. Siku ya kuonesha nakaa nyuma, karibu na projekta, namsikiliza kila anayekohoa, nikijiuliza kama amekohoa kwa sababu ya kifua au kwa sababu yangu.

Wengine wanaofanya kazi hii hutia ya kwao. Mzungu anafungua mlango kimya kimya, wao wanamfanya aulize bei ya nyanya, watu wanavunjika mbavu. Mimi nilitaka kusema kilichosemwa. Na nilitaka mtu mmoja tu anisikie na aseme nimefanya vizuri, naye ni mjomba wangu.

Mjomba ni kaka mkubwa wa mama. Baba yao alikuja Tanga kama manamba, kukata mkonge, na mjomba alikulia kwenye kambi ya shamba. Vita vya Uganda vilipoanza alikuwa kijana wa mgambo. Walichukuliwa, wakaenda, yeye akarudi. Maramba wanamwita Kamanda, ingawa sidhani kama alipata hata cheo cha koplo. Bandani wote tunakaa kwenye mabenchi, isipokuwa kiti kimoja cha plastiki chenye mikono, mbele kabisa. Kile ni cha Kamanda. Hakuna anayekigusa, hata mvua ikivuja kila mahali ila pale. Muuza kahawa humpa kikombe kabla ya mtu mwingine. Risasi zikilia kwenye picha, vichwa vinageuka: "Kamanda, kweli hiyo?" Naye anakaa kimya kidogo, kama hakimu, kisha anasema, "Uongo. Ukiishika hivyo inakuvunja bega." Banda zima linaridhika. Mke alishakufa, shamba lake halizidi upana wa mabanda matatu ya kuku, mguu mmoja anauburuta. Kile kiti ndicho alichokuwa nacho.

Nyumbani anaishi nasi, na hana makuu. Ana tabia moja tu: mtu akikaa mlangoni anamenya kitu, viazi au mihogo, mjomba hapiti. Anazunguka nyumba, anaingilia uani. Mama alitulea akituambia ni adabu, kaka yake hataki kuruka chakula cha watu.

Kazi yangu hajawahi kuisifu. "Unasema haraka," ataniambia. Au, "Askari hasemi tafadhali."

Filamu yenyewe aliileta mwenye banda kutoka Tanga mjini. Huyu ni Mwarabu wa hapa hapa, wazee wake walitoka Omani wakabaki na maduka yao. Alinipa flashi akiwa amefurahi. "Kwenye tangazo kuna kifaru, mwanangu. Jumapili baada ya gulio banda litapasuka."

Kifaru kilikuwa kwenye tangazo tu. Filamu ilikuwa ya askari aliyerudi kwao kutoka vitani. Baba yake ameandaa sherehe, shule imeandaa kwaya, kuna medali kwenye kijisanduku. Yeye hali, halali, hataki mke wake amguse mkono. Kidogo kidogo tunaoneshwa alichokikumbuka: aliingia kijiji fulani, akamkuta mama mtu mzima amekaa mlangoni na beseni la viazi, akampiga risasi. Mwisho anapandishwa jukwaani aseme jambo kwa wanafunzi, anasimama mbele ya kipaza sauti, hasemi kitu. Analia. Filamu inaishia hapo.

Niliitafsiri kwa furaha. Nilifikiri, hii sasa mjomba ataisikiliza na kusema, naam, ndivyo ilivyo. Sikutia utani hata mmoja.

Jumapili ile watu walijaa mpaka wengine wakasimama. Mwanzo walivumilia. Kisha dereva mmoja wa bodaboda, kijana wa Moa ambaye hukaa amepakata helmeti yake kama mtoto, akauliza kwa sauti, "Yakhe, adui katoka saa ngapi? Mbona simwoni?"

"Bado," mtu akamjibu. "Anakuja."

Wakangoja adui. Steringi akaingia bafuni akajifungia.

"Ana tumbo huyo."

"Steringi gani anajifungia chooni? Adui atamkuta kule kule!"

Steringi akalia mara ya kwanza. Banda likachanganyikiwa, kisha likacheka. "Mfuteni kamasi bi harusi!" Mama mmoja aliyekuwa amekuja na mjukuu wake akasema jambo hili halina mafunzo, akatoka. Mwingine akanigeukia mimi, "Wewe mfasiri, umekata vipande? Rudisha tulivyolipia!" Nilikuwa nimebana kucha kati ya meno na nasikia ladha ya damu. Kila kicheko nilikihesabu kuwa changu.

Ikafika sehemu ya yule mama na beseni. Watu wakakaa sawa, kwa sababu bunduki imetokea. "Huyu sasa ndiye adui," kijana wa bodaboda akasema. "Mtazameni, kajifanya anamenya viazi." Bunduki ikalia. Makofi mawili matatu, kisha kimya, maana kamera ilibaki juu ya yule mama muda mrefu, na beseni limepinduka, na hakuna kilichotoka chini yake zaidi ya maganda.

"Kamanda," mtu akaita gizani, "kweli hiyo?"

Mjomba alibaki akitazama picha. Walidhani hakusikia, wakamwita tena. Ndipo akasimama, akashika mkono wa kiti.

"Kweli," alisema. "Hakuna adui hapo. Hata mimi nilimkuta hivyo hivyo. Tumeambiwa nyumba ina askari. Mama kakaa mlangoni anamenya viazi vitamu. Kanyanyua uso ananitazama, sijui alitaka kunikaribisha. Nikampiga. Nikaingia ndani, hamna mtu. Hamna hata paka."

Mwenye banda akasimamisha picha. Nilisikia feni ya projekta. Nakumbuka niliwaza, sasa wameelewa. Sasa wataielewa filamu yangu. Hilo ndilo nililowaza, mjomba akiwa amesimama pale mdomo unamcheza.

"Basi adui tumempata," kijana wa bodaboda akasema.

"Yuko wapi?" mwingine akauliza.

"Si huyo mwenye kiti!"

Sijawahi kusikia banda likicheka vile, hata kwa filamu za vichekesho. Walicheka kwa nguvu ya mtu aliyengoja kitu muda mrefu kisha akakipata. Walipiga mabenchi. Mjomba akakaa, akatazama mbele kwenye picha iliyosimama, na filamu ikaendelea mpaka mwisho, hakuna aliyeisikiliza.

Siku ya pili yake mjomba alikuwa anakwenda dukani. "Shikamoo, Adui!" vijana wakamwamkia, kwa adabu kabisa, mikono nyuma. Akaitika, "Marahaba," kwa sababu shikamoo haiachwi bila jibu. Ikawa ndiyo raha yao. Wanamwamkia asubuhi, wanamwamkia akirudi, anavuka barabara wanavuka naye. Mama anayekaanga mihogo karibu na stendi, ambaye zamani alimpa kipande cha kwanza, sasa akimwona alifunika beseni lake kwa kanga. "Nafunika, Adui asije akanipiga bure!" Wateja wanacheka, na yeye anacheka, lakini kanga hakuiondoa mpaka mjomba apite. Kanisani walimwachia benchi zima. Bandani alipofika, kile kiti kilikuwa na mtu, kijana wa bodaboda, helmeti mapajani. Hakuinuka. Muuza kahawa aliwapa wengine kwanza, halafu kahawa ikamwishia.

Mama aliacha kumenyea mlangoni, akahamishia kila kitu uani, jikoni kwenye moshi. Kwa mara ya kwanza tangu nizaliwe nilimwona mjomba akipita mlango wa mbele kila siku.

Alasiri moja alikuja chumbani kwangu, akalishusha lile godoro la dirishani, akalikalia.

"Mjomba," aliniita, kama wajomba wanavyowaita wapwa zao. "Ile filamu. Irudie."

"Niirudie vipi?"

"Yule mama mpe bunduki."

"Picha inaonekana, mjomba. Ana kisu cha kumenyea."

"Basi bomu. Chini ya viazi. Nani atafunua?"

"Haikusemwa hivyo."

"Unamfanyia kazi nani wewe? Mzungu? Atakuja Maramba kukusahihisha?" Alitazama miguu yake. "Mimi nina wapi pa kwenda kukaa? Niambie. Nihamie Moa nikavue?"

Ningependa kuandika kwamba nilimwonea huruma mara moja. Kwanza niliionea huruma tafsiri yangu. Ile ilikuwa kazi pekee niliyowahi kuimaliza bila kutaka kuirudia, nami nilikaa pale nikipima sentensi zangu na mzee wa watu. Ilinichukua muda. Yeye alingoja, mikono magotini, kama mtu kwenye foleni ya zahanati.

Nikairekodi upya. Blanketi kichwani, nikatunga sauti ya redio ya jeshi, mahali ambapo kwenye picha hakuna anayefungua mdomo: "Tahadhari, kuna mama anabeba mabomu kwenye viazi. Ameshaua wenzetu kumi." Yule mama anaponyanyua uso, midomo yake inasema neno moja fupi. Maandishi ya Kiingereza yalikuwa na maana ya "karibu". Juu yake nikaweka, "Leo mtakufa wote." Ilibidi niseme haraka ili ienee. Jukwaani, steringi alipokuwa kimya, nikamjaza maneno: nchi kwanza, sijutii, nawalilia wenzangu. Jogoo aliwika katikati. Nilianza upya, na nilihakikisha kila neno limekaa kwenye mdomo wake. Sijui kufanya kazi vibaya, hata ile.

Mwenye banda hakuhitaji kubembelezwa; hata watu wa kijiji cha Mwakijembe walikuwa wanaiulizia "ile ya Adui". Jumapili ikafika, banda likajaa tena. Mjomba alikaa benchi la nyuma, karibu yangu.

Redio ya jeshi ilipotoa tahadhari, nilisikia banda likivuta pumzi. "Haa! Kumbe ile ya kwanza ilikatwa!" Mtu aliyechelewa akaingia akijipapasa gizani, akauliza, "Adui yupi?"

"Subiri. Mama mwenye beseni."

Akatokea. "Huyo! Mchawi huyo!" Akanyanyua uso, sauti yangu ikawatishia wote kifo. "Piga! Piga huyo, unangoja nini!" Bunduki ikalia, banda likainuka kwa makofi. Beseni likapinduka, maganda yakamwagika.

"Lile pale!" kijana wa bodaboda akapiga kelele. "Bomu lile pale, jeusi!"

"Wapi?"

"Hapo, chini ya kiganja! Mmeliona?"

Wakaliona. Mmoja baada ya mwingine waliliona, wakaoneshana. Nilimtazama mjomba. Alikuwa amenyoosha kidole na yeye.

Taa zilipowashwa kijana wa bodaboda alimfuata akiwa amevua kofia. "Kamanda, kumbe na yako ilikuwa hivi? Mbona hukutwambia?"

Mjomba akakaa kimya kidogo, kama hakimu. "Mengine ni siri ya jeshi."

"Basi tusamehe, mzee wetu. Utani tu."

Wakamletea kile kiti chake pale pale alipokuwa. Wakamkalisha, wakamletea kahawa, wakamuuliza mabomu ya viazi yanalipuka vipi, naye akawaeleza. Alieleza vizuri, na mikono yake, mpaka mimi mwenyewe nikajikuta nasikiliza.

Tulirudi nyumbani kabla ya magharibi. Alikuwa anaburuta mguu mbele yangu. Karibu na njia ya kwetu akasimama, akangoja nimfikie.

"Leo umetafsiri vizuri," alisema.

Watoto wa jirani walikuwa wameshakimbia mbele na habari. Mama alikuwa ametoka uani, amekaa mlangoni tena, kigoda chake, kisu chake, beseni la mihogo kati ya miguu. Alikuwa na uso ambao sikuwa nimeuona tangu Jumapili ile ya kwanza.

"Nimesikia," alimwambia. "Kumbe alikuwa na mabomu. Na wewe umenyamaza miaka yote hii." Akasogeza beseni pembeni, akabana magoti ili kumpa nafasi, akamnyanyulia uso. "Karibu, kaka. Pita."

Mjomba alisimama pale kwenye vumbi. Kisha akageuka, akazunguka nyumba, tukasikia mlango wa uani.