Vua Viatu, Mzee Bakili

Ottilia hakuwa mtu wa kubembelezwa. Aliporudi kijijini kwao Namswea na cheti cha ufundi umeme kutoka Songea, wanaume walimwuliza ataolewa lini na nani atampikia mumewe. Aliwajibu akiwa ameshaanza kupanda: "Shikeni ngazi kwanza."

Siku hizo soko la kahawa lilikuwa limefunguliwa kwa wafanyabiashara binafsi, na kila mwenye mtaji alijitosa. Bakili, mfanyabiashara wa Mbinga mjini, alijenga banda la kumenyea kahawa karibu na kijito, kisha akamwita Ottilia akague umeme kabla kazi haijaanza. Asubuhi hiyo magunia ya kahawa mbivu yalikuwa yameshajaa uwanjani, na kahawa mbivu ikilala inachacha. Akina mama vibarua, shangazi yake Getrude akiwamo, walikuwa ndani wakisugua mashine, miguu peku kwenye maji.

"Shikamooni mama zangu. Naomba mtoke wote," alisema Ottilia. "Ninapopima, mtu asiguse chuma chochote."

Walitoka wakinung'unika. Bakili alicheka, akakiendea kile kifaa cha ukutani kinachokata umeme unapovuja, akabonyeza kitufe chake. Taa zikazimika papo hapo.

"Umeona, binti? Kinakata. Haya, tufanye kazi."

"Hapo kimejipima chenyewe, mzee. Njia ya kwenda ardhini hakijaipima."

Akarudisha umeme, akachomeka kwenye soketi kipimo chake, kinachovujisha umeme kidogo kwenda ardhini. Kifaa hakikukata. Akarudia, hola. Hawa mama wangeingia humu wakidhani wamelindwa!

Alizima meni swichi, akaufuata waya wa ethi, unaopeleka ardhini umeme uliovuja, hadi nje, akakuta chuma chake kimechomekwa juu ya tuta la ngoro, yale mashimo ya kilimo ya Wamatengo yanayozungukwa na matuta. Fundi aliyetangulia alikuwa amewaza kama Mmatengo yeyote, kwamba ngoro haikauki hata kiangazi, na udongo mbichi hupitisha umeme. Shimoni ni kweli. Lakini tuta ni majani yaliyofukiwa kwa udongo tifutifu, na chuma kile aliking'oa kwa mkono mmoja.

"Umeme hauwaki hapa," alitangaza.

"Kahawa yangu ioze kwa sababu yako?" Bakili alifoka. "Mafundi wamejaa Mbinga! Namleta mwingine sasa hivi, awashe."

"Mlete. Ila wewe uanze, mzee wangu. Vua viatu, ingia kwenye maji, ishike mashine kwa mikono miwili. Ukishaishika vizuri, huyo fundi wako awashe."

Getrude alikuwa ameanza kumvuta mpwa wake nguo ili apunguze ukali, lakini akamwachia. Naye akageuka kumtazama Bakili, na wenzake wote wakamtazama.

Bakili aliyaangalia maji. Aliangalia na viatu vyake vyeusi vya ngozi. Akainama, mkono ukafika kwenye kamba, ukakaa hapo.

"Tunakusubiri, mzee," alisema Getrude.

Bakili akainuka bila kufungua kamba.

"Leteni nyundo," alisema. "Na chuma kirefu cha ethi."