Bibi Anayeelea

Yule mchongaji wa picha za mitindo ana mikono minene kama ya mwoka mikate, lakini akishika kalamu yake ya chuma hubana pumzi, na sahani ya shaba ya kuchapia picha humtii. Sidonie, anayezipaka rangi picha hizo zikishachapwa, amemzoea: hupuliza vumbi, hufumba jicho moja, huguna. Leo Bwana Vaudrey mwenye jarida la mitindo amemsimamia mlangoni. Sahani hii, yenye picha ya bibi aliyevaa gauni, isipomridhisha, kazi anapewa mchongaji mwingine, Paris imejaa wachongaji.

"Mzee, bibi wako anaelea. Mchoree hata bustani basi."

"Bustani italimeza gauni, bwana. Wasomaji wako wanashona miti?"

Sidonie anauma mdomo asicheke. Ila ni kweli, bibi anaelea. Ametugeuzia mgongo ili mikunjo ya gauni ionekane, na kumzunguka ni weupe mtupu. Mchongaji anaguna, anabana pumzi, anakwaruza mistari michache ya kivuli chini ya kiatu. Anapaka wino, anakandamiza karatasi, anaibandua taratibu.

Sidonie anainamia karatasi. Weupe ule ule umekuwa sakafu, umekuwa chumba kizima chenye mwanga wa dirishani, na bibi amesimama humo kwa uzito wake wote. Bwana Vaudrey anavua kofia polepole, kama mtu aliyeingia bila kubisha hodi.