Uso au Kanzu

Binti yetu alipotuletea kamera, mimi na mke wangu tuliigombea kama watoto. Mpiga picha jirani yetu, hapa Nyamirambo, alitufundisha kuweka kigurudumu chake kwenye herufi M ili tuamue wenyewe kiasi cha mwanga.

"Ikiachiwa kuamua, inaogopa weupe wa kanzu, inatia giza picha nzima," alisema. "Mkipunguza kasi ya jicho lake kufumba, mwanga mwingi unaingia, nyuso zinaonekana, ila kanzu inaungua, inabaki weupe mtupu. Chagueni."

Siku ya Idi kaka yangu alikuja kutoka Bujumbura. Nilimsimamisha juani pamoja na wanangu, wote katika kanzu nilizozishona mwenyewe, zenye darizi kifuani. Nikaongeza kasi mpaka kila uzi wa darizi ukaonekana. Kisha mke wangu akaichukua kamera, akarudisha kasi chini, akapiga yake.

Tukazichapisha picha zote mbili. Kaka alitaka moja ya kutundika kwake, nami nilikwisha kuinunulia yangu fremu.

"Mdogo wangu, umepiga nguo," alisema. "Sisi wenye kuvaa tuko wapi?" Watoto wakacheka. "Naomba ile ya shemeji."

Katika ile ya shemeji, darizi yangu yote ilikuwa imeyeyuka, kanzu nyeupe kama karatasi. Lakini kaka alikuwa anacheka mpaka pengo lake linaonekana. Wivu ukanikaba. Nikasema mbele ya wote kwamba mwanamke huyu ameharibu picha, hajui mwanga.

Mke wangu aliiweka kamera mezani na hakuishika tena.

Ikawa yangu peke yangu, kama nilivyotaka. Nilipiga kuku, paa za mabati, pikipiki zikipanda mlima. Hakuna aliyeniambia nimekosea wapi.

Idi ya mwaka uliofuata nilimkalisha mke wangu mlangoni, amevaa gauni jeupe nililomtarizia mwenyewe. Kidole kilisita kwenye kigurudumu cha kasi. Nikapunguza kasi, nikapiga, nikamwonyesha.

"Darizi imekwenda wapi, mzee?"

"Imeungua. Na mwaka jana nilikukosea. Picha yako ilikuwa nzuri."

Akaitazama tena. "Ungepunguza kidogo zaidi. Macho bado yana giza. Lete hapa, kaa wewe."

Akanipiga mimi. Mikunjo yote ya uso wangu ikatoka, na mvi za ndevu moja moja. Ilikuwa bora kuliko yangu. Wivu ukarudi palepale. Safari hii nikafunga mdomo.