Mota Iliyonyamaza

Marselino hakuwa na ugomvi na mtu yeyote, ila kelele za mashine zilimkera kupita kiasi. Alikuwa fundi wa mota pale Kalangalala, Geita, mzaliwa wa Chato. Akipita mbele ya mashine ya kusaga alisimama, akatega sikio, kisha akaingia bila kuitwa na kumwambia mwenyewe kwamba beringi zake zimekwisha. Mkewe, Euphrasia, alimtania kwamba iko siku atamtegea sikio padri kifuani katikati ya misa. Kazi aliipenda, na sifa alizipenda zaidi. Hilo tuliseme mapema, maana ndilo lililomponza.

Mdogo wake Euphrasia, Masele, alikuja kutoka Kishapu baada ya ukame kuwamalizia ng'ombe, akapata kazi ya kuchimba dhahabu kwenye duara la Herman. Hayo maduara ni mashimo marefu kama visima, na huko chini hakuna hewa. Hewa husukumwa na feni kubwa iliyo juu, inayozungushwa na mota kwa mkanda, ikashuka kwenye bomba la plastiki mpaka walipo watu. Feni ikisimama, aliye chini asipowahi kupanda ndiyo basi tena. Euphrasia alilijua hilo, na hakuacha kumsihi mumewe amwangalizie mdogo wake.

Mota ya Herman ilikuwa inanguruma kiasi kwamba Mama Ritha, aliyewapikia wachimbaji palepale kando ya duara, aliwauliza kwa ishara za mikono kama wanataka maharage au dagaa. Majirani wakamlalamikia mwenyekiti wa mtaa, naye Herman akamwita Marselino.

Aliifungua, akatoa beringi zilizolika, akaweka mpya, akapaka grisi, akaikaza vizuri kwenye kitako chake. Ilipowashwa, Mama Ritha aliuliza wanangoja nini kuiwasha. Watu wakacheka, wakampigia fundi makofi. Mkanda aliuona umeanza kupasuka pembeni. Aliushika, akauacha, kwa sababu alikuwa ameitiwa kelele na makofi yalikuwa matamu.

Kesho yake Masele na wenzake walipanda juu mbio, wakihema. Wachimbaji wa pale walizoea kusikiliza ngurumo ya mota ikishuka ndani ya bomba, na ikikatika au ikibadilika hupanda bila kuulizana. Sasa hawakusikia kitu. Juu walikuta feni inazunguka kama kawaida, wakachekwa. Siku chache baadaye wakapanda tena, wakachekwa zaidi, na Herman akafoka kwamba asiyeweza kazi arudi kwao akachunge.

Jioni Masele akapita kwa shemeji yake. Euphrasia alikuwa ametoka.

"Mwadila, shemeji," alisalimia kwa Kisukuma chake, akakaa. "Ile mashine irudishie sauti kidogo. Kule chini hatujui kama iko hai au imekufa."

Marselino alicheka mpaka akaweka kikombe chini. "Shemeji, wewe ni wa kwanza kuniomba niharibu nilichotengeneza. Ukiona kimya, ujue fundi kafanya kazi. Acheni woga."

Masele naye akacheka. Angefanya nini? Hakuna mwanamume anayependa kuonekana mwoga mbele ya mume wa dada yake.

Mkanda ulikatika mchana, wiki ileile. Mota iliendelea kuzunguka kwa upole, haina inachokivuta, na feni ikasimama. Mama Ritha alikuwa anasonga ugali, ameipa feni mgongo. Zamani ngurumo ingebadilika ghafla mota ikikosa mzigo, na yeye angeshtuka. Safari hii hakukuwa na ngurumo ya kubadilika.

Fredy, aliyekuwa chini na Masele wawili tu siku hiyo, ndiye aliyesimulia baadaye. Joto lilipozidi alitaka wapande, lakini Masele akamzuia. "Tumeshachekwa vya kutosha," alimwambia. "Fundi ni shemeji yangu, kazi yake naijua." Fredy alipanda peke yake akiwa anaona giza, akaanguka alipofika juu, mdomoni mwa duara. Waliposhuka kumtoa Masele, walimkuta ameegemea ukuta, nyundo mapajani. Hakuzinduka.

Watu walisema ni mipango ya Mungu, na Herman alilisema hilo kwa sauti kubwa kuliko wote. Marselino hakulaumiwa na mtu. Pale kando ya duara aliinama, akaokota ule mkanda, akaona umekatika palepale alipoushika siku ile.

Walimzika Kishapu. Baada ya mazishi Euphrasia alimwita mumewe nyuma ya nyumba ya wazazi wake.

"Fredy kaniambia Masele alikuja kwako kuhusu ile mota. Ni kweli?"

"Ni kweli."

"Alitaka nini?"

"Alitaka isikike huko chini."

"Ukamjibu nini, Marselino?"

Angeweza kudanganya. Aliyelisikia jibu lile alikuwa ameshafukiwa.

"Nilimcheka."

Euphrasia hakulia wala hakumtukana. Alijifunga kanga yake vizuri, akarudi kukaa na mama yake kwenye mkeka. Gari la kurudi Geita lilipokuja, Marselino alimsubiri mlangoni mwa gari mpaka dereva akachoka, kisha akapanda peke yake.