Neno Walilomtupia Kaku

Siku ile naikumbuka, mwanangu, na hasira yake bado haijaniisha. Nilikuwa kijana hapahapa Likasi. Baba alikuwa fundi kiwandani, na mama yake, tuliyemwita Kaku, alikuwa amefika majuzi tu kutoka Kasai, kwenye asili yetu. Kiswahili hakukijua.

Vijana wa mtaa walisimama nje ya uzio wetu wakipiga kelele: "Bilulu! Bilulu! Murudie kwenu!"

Kwa watu wa huku, mwanangu, bilulu ni wadudu. Ndivyo walivyotuita sisi wa Kasai. Lakini kwa Tshiluba, lugha ya Kaku, bilulu ni nguo, vitambaa. Na watu wa pwani wakisema lulu, ni kito cha baharini. Neno hilo walilipata kwa Waarabu. Sauti ni karibu ileile.

Kaku akadhani wanaomba nguo. Kabla sijamzuia, alitoka na vitenge alivyokuja navyo, akawanyooshea huku akitabasamu. Wakacheka hadi wakashika mbavu. Kaku naye akacheka, akifikiri wamefurahi. Hapo nikaokota jiwe.

Jirani yetu Mama Kabwe, mwenyeji wa huku aliyejua Tshiluba kidogo, akanishika mkono. Lakini ukali wake uliwaendea wao, na Kabwe, mwanawe wa kumzaa, alikuwa kati yao.

"Weye Kabwe! Kwa huyu mama, bilulu ni nguo. Munamuita mududu, yeye anataka kuwavalisha! Sasa nani njo muntu hapa?"

Yaani, nani ndiye mtu kweli pale. Kabwe akapiga magoti, akaomba msamaha kwa lugha ambayo Kaku hakuielewa. Kaku akamwinua, akamfunga kitenge begani. Wenzake wakaondoka.

Maana ile hatukumwambia Kaku. Aliijua baadaye, sokoni, mtu alipomweleza, na tangu hapo hakutoka tena nje peke yake.

Na jana nimekusikia wewe, kitukuu cha Kaku, ukimwita hivyohivyo kijana aliyehamia juzi kutoka Kasai! Eti mchezo. Mchezo gani?

Sikiliza. Neno usilojua linatoka wapi, usimtupie mtu. Lile unalojua kuwa linauma, life mdomoni mwako. Leo utakwenda kwake, utamwita kwa jina alilopewa na wazazi wake, utamwomba msamaha, nami nitakuwa kando yako.

Mungu akulainishie ulimi, mwanangu, na popote utakapokwenda kuishi, ukute watu wa kukukaribisha.