Deki Mbili Uwanjani kwa Shangazi

Shangazi yangu alikuwa na chumba kimoja cha mbele, Nyakato, Mwanza, mlango wake ukitazama barabara ya viwandani, na kwa miaka mingi chumba hicho ndicho kilichomlisha. Mchana wafanyakazi wa kiwanda cha jirani waliingia kula ugali na mapanki, yaani yale mafupa ya sangara yanayobaki minofu ikishakatwa kwenda Ulaya. Yeye aliyakaanga mpaka hata mkia ukatafunika. Kisha kiwanda kikauzwa kwa mtu binafsi, na mtu binafsi akafunga mageti ili kwanza afikirie. Alifikiria kwa muda mrefu kuliko ugali ulivyoweza kusubiri.

Kaka zake, baba yangu akiwa mkubwa wao, walikaa kikao huko Magu bila yeye kuwepo na wakakubaliana: mjane hawezi kukaa mjini anatazama geti lililofungwa. Arudi nyumbani alime pamba. Baba angekuja mwenyewe mvua zikikaribia, amsaidie kubeba vyombo.

Mimi nilikuwa nakaa kwake wakati huo, nikifanya kazi kwenye kiwanda kingine, cha minofu ya sangara, kwa hiyo ujumbe niliufikisha mimi. Alinisikiliza mpaka mwisho huku akikosha sufuria.

“Mwambie baba yako mimi na pamba tuliachana vizuri,” akasema. “Sitaki turudiane.”

Akili yake ilikuwa imeshaingia kwenye video. Ilikuwa ile miaka ambayo kila kitu kilikuwa kinaingia nchini, kuanzia sabuni za rangi hadi viatu vinavyowaka taa ukikanyaga, na Nyakato yote ilikuwa imejaa vibanda vya video. Lakini vyote vilionyesha kanda. Kanda zilikatika, zililiwa na deki, zilionyesha mvua hata pale ambapo kwenye filamu hapakuwa na mvua. Shangazi aliamua kwamba akiingia, ataingia na kitu kipya, kitu cha kisahani kinachong'aa. Fedha aliyobakiwa nayo ilitosha deki moja. Akikosea kuchagua, safari ya Magu ilikuwa inamsubiri.

Tatizo ni kwamba visahani vyenyewe vilikuwa vya aina mbili, na kila aina ilikuwa na mtu wake.

Wa kwanza alikuwa fundi redio wa Mkuyuni, mzaliwa wa Ukerewe, kijana mrefu mwenye bisibisi sikioni mahali ambapo wengine huweka kalamu. Yeye alikuwa na deki ya CD ndogo. Filamu moja ilikuwa inakaa kwenye CD mbili. Ukimaliza ya kwanza unaweka ya pili. Picha zake, watu wakikimbia sana, zilivunjika vipande kama vigae. Lakini CD zenyewe zilikuwa zinaingia mjini kila wiki, za ngumi, za Kihindi, za kila namna.

Wa pili alikuwa shemeji yake shangazi, mdogo wa marehemu mumewe. Alikuwa amenunua mashine kutoka kwa wazungu wa mradi wa maji waliokuwa wakifunga virago kurudi kwao. Mashine yake ilikula sahani kubwa, kubwa kama sinia la pilau, na katikati ya filamu ilibidi uitoe na kuigeuza kama unavyogeuza chapati. Picha yake, lazima niseme, ilikuwa safi ajabu. Ungeweza kuhesabu manyoya ya ndege. Shida ni kwamba sahani zilizokuwepo Mwanza nzima ni zile tu walizoacha wazungu: moja ya wanyama wa porini, moja ya mama mnene anayeimba kwa kulia, na moja ya mzee anayefundisha kupiga kijimpira kwa fimbo.

Walikutana barazani kwa shangazi jioni moja na wakabishana mpaka chai ikapoa.

“Mama, hiyo mashine ya shemeji yako ni kabati,” fundi alisema. “Sahani zikiisha utaonyesha nini? Utapakulia watu wali?”

“Bora kabati kuliko hicho kisanduku chako,” shemeji akajibu. “Jana nimeangalia ngumi kwako pale Mkuyuni. Jamaa alirusha teke, mguu ukabaki hewani vipande vitatu. Nikasema masikini, kalemazwa.”

“Alilemazwa na macho yako, mzee.”

Shangazi aliwaacha wachoke. Kisha akasema kitu ambacho, kwa mtu aliyekulia Magu, kilikuwa cha kawaida kabisa. Kwao, baada ya mavuno ya pamba, pande mbili za wacheza ngoma huingia uwanja mmoja na kucheza kwa wakati mmoja, huku wakitazamana. Hakuna mwamuzi. Kila upande hufanya vituko vyake, na watu hukimbilia kule wanakopendezwa. Upande uliobaki na watu ndio ulioshinda, basi.

“Jumapili, tukitoka kanisani,” alisema. “Leteni deki zenu hapa uani. Wewe huku, na wewe huku. Watu ndio wataniambia.”

Nilikuwa na wasiwasi, lakini wasiwasi wangu ulikuwa juu ya umeme. Shangazi alikuwa na televisheni moja, nikaazima ya pili kwa jirani, nikapanga nyaya vizuri zisikanyagwe, nikachora mstari wa majivu katikati ya uwanja. Nilijiona nimefikiria kila kitu.

Jumapili watu walifurika. Walikuja na watoto, na mabenchi, na mama mmoja alikuja na kuku wake aliyefungwa miguu kwa sababu alikuwa anampeleka kumuuza na hakutaka kukosa. Shemeji alikuwa ameleta ngoma kabisa, akaipiga ili kuita watu upande wake. Fundi naye akanyanyua CD juu, akakamata mwanga wa jua na kuwamulika watu usoni mmoja mmoja. Akina mama walipiga vigelegele. Shangazi akashusha mkono, deki zote mbili zikawashwa.

Hapakuonekana kitu.

Tulikuwa tumeweka televisheni mbili katikati ya uwanja, saa sita na ushei mchana, chini ya jua la Mwanza. Kwenye vioo vyote viwili tulijiona sisi wenyewe, tumesimama tumekodoa macho. Ngoma huchezwa juani, na hakuna hata mmoja wetu, wala fundi aliyekaa na televisheni maisha yake yote, aliyekuwa amekumbuka kwamba hii haikuwa ngoma.

“Filamu yenyewe ni hii?” mzee mmoja akauliza. “Mbona huyu anafanana na mimi?”

Watu walicheka mpaka wengine wakakaa chini. Fundi alijipiga paji la uso, bisibisi ikaanguka. Shangazi hakucheka, niliona midomo yake imekaza, kwa sababu watu walikuwa wameanza kuangalia njia ya kurudia makwao. Ndipo jirani mmoja akakumbuka turubai la msibani, lile ambalo mtaa mzima hulitumia. Vijana wakalikimbilia. Likaja, likafungwa kwenye miti na kwenye kona ya jiko, magunia yakaning'inizwa pembeni, na ndani yake pakawa na giza la kutosha na joto la kutosha kuivisha ndizi.

Mashindano yakaanza upya. Upande wa fundi watu walirushiana ngumi. Upande wa shemeji, nyumbu walikuwa wanavuka mto, picha imetakata kama dirisha. Kwanza watu wote wakaenda kwa nyumbu, kwa ajili ya usafi wa picha. Kisha mmoja akasema nyumbu tunawajua, wakahamia kwenye ngumi. Shemeji akaogopa, akaweka sahani ya mama mnene anayeimba. Fundi akaongeza sauti. Shemeji naye akaongeza. Mama mnene na wapiganaji wakawa wanapigiana kelele juu ya vichwa vyetu, na upande wa shemeji ukabaki na yule kuku peke yake.

Shangazi alikwenda kuokota benchi lililoachwa. Akasimama kidogo mbele ya mama mnene, akamtazama, na akasema kwa sauti, si kwa mtu yeyote hasa:

“Jamani, huyu dada wamemfanya nini? Tazama. Ametoka kujua kwamba mume ana mke mwingine Geita.”

Mtu mmoja aligeuka. “Umejuaje, mayu?” akauliza, akimwita mama kwa Kisukuma.

“Si unaona anavyoonyesha dirishani? Geita ni kule. Na huyu mwenye ndevu ni wifi… hapana, ni shemeji. Shemeji ndiye aliyekuwa anapeleka barua.”

“Shemeji tena!” wakacheka, wakamgeukia shemeji mwenye ngoma, na wakaanza kuvuka ule mstari wa majivu. Baada ya muda mfupi upande wa fundi ukawa mtupu.

“Mama, unanichezea rafu!” fundi alilalamika. “Wewe ndiye mnunuzi, unapigaje debe?”

“Haya, naja kwako pia.” Akavuka kwenda kwa wapiganaji. “Huyu mwenye suruali nyeupe anadaiwa na huyu…” Na watu wote wakavuka naye, mabenchi mikononi, na mwenye kuku akamkumbuka kuku wake akarudi kumchukua.

Alivuka tena, na tena. Alikokwenda yeye, uwanja ulimfuata. Nilisimama pale kwenye mstari wangu wa majivu nikicheka hadi machozi, na huku nikiona kwamba hatukuwa tumepata jibu lolote. Deki moja bado ilitakiwa inunuliwe, na watu walikuwa wamempigia kura shangazi.

Jibu lilikuja kwa bahati. Alikuwa upande wa shemeji, anaeleza jinsi mama mnene atakavyokwenda Geita mwenyewe kwa miguu, na mama mnene akawa anaimba haraka kuliko maelezo.

“Shemeji, msimamishe kwanza,” akasema. “Namwelezea, naye anakwenda.”

Shemeji akabonyeza. Kioo kikawa cheusi tii. Akabonyeza tena, mama mnene akarudi, anaendelea na shughuli zake.

“Nimesema msimamishe, sijasema mfiche.”

“Hii haisimamishi, shemeji. Ukiisimamisha inazima picha. Ndivyo wazungu walivyoitengeneza.”

Shangazi akavuka mstari. Akachukua rimoti mkononi mwa fundi, akaulizia kitufe, akabonyeza. Mwenye suruali nyeupe akaganda hewani, teke limenyooka, mdomo wazi. Akabaki hivyo. Shangazi akaeleza habari za deni, na mdhamini, na mama mzazi wa mdhamini, akakohoa, akaomba maji, akanywa. Mguu ulikuwa bado hewani unamsubiri. Akabonyeza, teke likatua. Watu walipiga makofi kama vile yeye ndiye aliyempiga mtu.

“Fundi,” alisema, “hiki chako kina vigae, lakini kina adabu.”

Shemeji alipokea vizuri. Alipiga ngoma ya kushindwa, kama inavyotakiwa, na akaiuza mashine yake kwa hoteli moja ya mjini ambako wageni walitazama nyumbu wakinywa bia.

Tulifungua Jumamosi moja mchana. Nilileta kundi zima la zamu yangu kutoka kiwanda cha minofu, bado wananuka sangara, na chumba kikajaa mpaka dirishani. Baba yangu alifika siku hiyohiyo kutoka Magu, na kamba za kufungia vyombo begani. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia marahaba huku akichungulia ndani. Alikataa kuingia. Alisema atasubiri mlangoni mpaka watu watawanyike, aongee na dada yake mambo ya maana. Baada ya muda nikaona kamba ziko chini na yeye yuko kwenye benchi.

CD ya kwanza iliisha shujaa akiwa ametumbukizwa mtoni, amefungwa mikono. Nikatoa ile, nikawa nashika ya pili, na umeme ukakatika.

Chumba kizima kiliguna. Wengine wakanyanyuka. Shangazi hakuwa ameiona CD ya pili. Fundi alikuwa ameileta asubuhi hiyo. Lakini niliona alivyotazama mlango, na wale waliosimama.

“Kaeni,” akasema. “Namalizia mimi. Huyu kijana hakutoka majini. Alikufa.”

Wakakaa. Akamtoa mtoni kwa nyavu za wavuvi, akamlaza, akamwosha. Akaweka msiba wa siku nzima, akataja nani alileta mchele na nani alikula bila kuchanga. Akamzika. Mjane akavua kanga ya msiba, akaenda na mwiko wa ugali kwa yule tajiri aliyemtumbukiza mumewe, akampiga mpaka tajiri akaomba maji kwa Kisukuma. Wakata minofu, watu wanaoshika visu kutwa nzima, walikuwa wanajifuta macho.

Umeme ukarudi. Mimi, kwa kutofikiri, nikatumbukiza CD ya pili.

Picha ya kwanza kabisa ilikuwa shujaa anatoka majini, mzima wa afya, anakamua shati.

Vichwa vyote vikamgeukia shangazi. Yeye akainua rimoti, akabonyeza, na kijana akaganda pale ukingoni, shati mkononi, akisubiri kuambiwa yeye ni nani.

“Huyu,” shangazi akasema, “ni pacha wake.”

Chumba kililipuka. Watu walipiga benchi, walikumbatiana, mtu mmoja akasema alijua tangu mwanzo. Na katikati ya kelele hizo nikasikia sauti ya baba yangu, amesimama, anadai haki yake:

“Dada, ngoja kwanza! Kama ni pacha, mbona msibani hakuonekana?”

“Alikuwa Dar, kaka, alikosa nauli,” shangazi akajibu. “Kaa chini, unaziba watu.”

Baba akakaa.