Moshi wa Vibuyu vya Koko

Ipo siku moja ambayo siwezi kuisahau, mwanangu. Ni siku niliyomuuliza nyanya yangu swali ambalo mama yangu alikuwa ameliogopa kwa miaka mingi. Nakusimulia wewe uliyeolewa na kijana wangu kwa sababu mtoto wenu amerithi kifua changu, na kwa hilo naomba radhi, ingawa yale macho mazuri pia ameyatoa kwangu na sijasikia mtu akinishukuru.

Nilikuwa na pumu kali tangu nikiwa mdogo. Tuliishi hapa hapa Kitengela, wakati mji huu ulikuwa maduka machache kando ya barabara na pundamilia wakilisha nyuma ya nyumba. Dawa za kuvuta hazikuwa za watu kama sisi. Nilipewa vidonge, na vikishindwa nilipelekwa kudungwa sindano. Vile vidonge vilifungua kifua, sikatai, lakini vilinitetemesha mikono hata chai ikawa inamwagika, na moyo ukawa unaenda mbio nikiwa nimekaa tu.

Kila likizo tulienda kwa Koko, ndivyo tulivyomwita nyanya, mamake baba, aliyeishi na mifugo yake ng'ambo ya mji wa Kajiado. Nilimpenda kupita kiasi, na ni kwake ndiko nilikougua kuliko mahali pengine popote. Mama aliliona hilo. Siku za kwenda huko aliniongezea vidonge kuliko alivyoagizwa. Mara moja daktari aliitazama mikono yangu, akasikiliza moyo wangu, akamwambia mama waziwazi kwamba tukiendelea hivyo dawa yenyewe itaniumiza. Baba aliposikia akakata shauri: nikiugua tena kwa Koko, sitarudi huko.

Sasa mimi ni mdadisi tangu kuzaliwa, wewe mwenyewe unajua. Mtoto mwenye pumu hupata muda mwingi wa kukaa akitazama wenzake wakicheza, na mimi muda huo niliutumia kukipeleleza kifua changu. Kwanza nilishuku mbuzi. Nikakaa mbali nao siku kadhaa, nikaugua vilevile. Nikashuku baridi ya asubuhi, nikajifunika shuka ya Koko mpaka puani, na shuka ikanibana zaidi. Nikashuku maziwa. Hayo kuyaacha kulikuwa adhabu kweli, maana maziwa ya Koko yalikuwa na ladha ambayo huwezi kuipata kwenye pakiti. Nikayaacha, na bado nikaugua. Nilishangaa sana, kwa sababu sikuwa na mwingine wa kumshuku.

Kisha Koko akaenda soko la Kajiado, akalala huko kwa dada yake. Moto wake ukazimika, kwa kuwa mama alipendelea kupikia nje. Siku hiyo nilikimbia na mbuzi mpaka mtoni, nikarudi nimechoka tu kama watoto wengine. Kesho yake Koko akarudi, akawasha moto ndani, akaanza kazi yake ya vibuyu.

Kama hujawahi kuiona kazi hiyo, ni hivi. Unachukua kijiti cha mzeituni wa porini, unakichoma, unakiingiza ndani ya kibuyu kikiwa bado na moto, unasugua pande zote, kisha unapangusa. Ndiyo inayosafisha kibuyu, na ndiyo inayoyapa maziwa ile ladha. Nyumba ya Koko ilikuwa ya udongo na samadi, fupi, na badala ya dirisha ilikuwa na tundu la kupitisha mkono. Moshi ulijaa, nami nikakaa karibu naye kabisa kwa kuwa kazi hiyo niliipenda. Hatukumaliza kibuyu cha pili. Kifua kilinibana, nikatoka nikitambaa, na mama akanifuata na vidonge mkononi.

Uelewe kwamba mama yangu alikuwa Mkamba, aliyeolewa kwa Wamaasai. Tangu siku ya kwanza aliishi kwa tahadhari, asije akasemwa kwamba ameingia boma la watu na dharau. Yeye na Koko walizungumza Kiswahili cha kuokoteza, kwa sababu Kimaasai cha mama kilikuwa kibovu zaidi.

Nilipopata pumzi ya kusema, Koko alikuwa amechuchumaa mbele yangu, ameishika mikono yangu inayotetemeka. Nikamuuliza, "Koko, ni moshi ya vibuyu ndiyo inanifunga kifua?"

Mama alinifinya bega. Koko alimgeukia yeye. "Wewe ulikuwa unajua?"

Mama akainamisha kichwa. "Nilikuwa nashuku, mama. Niliogopa. Niko kwako. Nitakuambiaje uzime moto kwa nyumba yako?"

Mimi nilidhani Koko amekasirika kwa ajili ya moto wake. Sivyo. Alikuwa amekasirika kwa ajili yangu.

"Hii moto hata huko nje itawaka," alisema. "Lakini huyu mtoto akizimika, mimi nitamuwasha na nini? Umenipea heshima gani hiyo, ya kuniacha niue mtoto wangu na mkono yangu?"

Mama alilia. Jioni hiyo hiyo Koko aliyatoa mafiga nje kwa mikono yake, akakataa kusaidiwa. Wanawake wa boma jirani walimcheka, wakamuuliza ni mama gani anayelala bila moto kama mgeni. Aliwaambia ana mgeni asiyependa moshi, na usiku alijifunika blanketi mbili. Shuka zote, zilizokuwa zimeshika moshi, akazifua. Vibuyu aliendelea kuvifukiza, ila alikaa mbali na nyumba, nikiwa nimeenda na mbuzi. Maziwa hayakubadilika hata kidogo, na nilirudi kwake kila likizo mpaka nilipokuwa mkubwa.

Usije ukadhani pumu iliniacha. Vumbi la kiangazi lilinipata, na baridi ya Julai pia. Mama alipoona nimekaa wiki nyingi bila kuugua alitaka kutupa vidonge vyote, na daktari akamkataza. Daktari alivipunguza yeye mwenyewe, pole pole, kila mara akinisikiliza kifua kabla ya kupunguza tena. Mikono ikatulia. Hata leo dawa yangu ya kuvuta iko kwenye mkoba, wala sioni aibu kuitoa kanisani.

Basi nasaha yangu ni hii. Kidadisi kifua cha mtoto wako. Uliza alikuwa wapi, alilalia nini, nani alikuwa akipika, nani alikuwa akifagia. Unachokigundua mpelekee daktari, na umwachie yeye kupima kama dawa ipungue. Ile aliyokuagiza ya kila siku mpe hata siku anazorukaruka, maana huenda anaruka kwa sababu ya hiyo dawa. Usimwongezee kwa hofu, usimpunguzie kwa furaha. Akibanwa kifua, kisha dawa ya haraka isimsaidie, usikae kungoja, kimbia hospitali.

Na lililo kubwa kuliko yote, usininyamazie. Jumapili iliyopita nilikuona ukimtoa mtoto mapajani mwangu, ukasema ana usingizi. Hakuwa na usingizi, mwanangu. Alikuwa ameanza kukohoa, na mimi nilikuwa nimejipaka yale marashi yangu ya kwenda kanisani. Nilijua baada ya nyinyi kuondoka, nikakaa kwenye kiti nikaona uchungu sana. Chupa nimempa jirani. Lakini huenda si marashi. Huenda ni paka, au ni zulia, au ni kitu ambacho mimi sikioni kwa sababu nimekizoea. Niambie. Hakuna kitu kwenye nyumba hii ninachokipenda kuliko huyo mtoto.

Mungu ampe mtoto wetu kifua kipana. Akupe wewe mdomo usioogopa wazee, na mimi anipe masikio ya kusikia bila kununa. Njooni Jumapili.